Uzi: Maonyesho ya wasanii chipukizi yanayojibu matukio ya dunia – uteuzi, vipimo, taa, maandishi na yanayoharibika

Mtundikaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, vyuo vya sanaa vinazidi kuandaa maonyesho yenye mada ya matukio ya dunia: vita, wakimbizi, tabianchi, magonjwa ya mlipuko. Naanzisha uzi huu ili tuweke mahali pamoja mambo ya utekelezaji, maana mawazo mazuri mengi hufia ukutani.

Kabla ya msumari wa kwanza kuna jambo la kukubaliana. Mtazamaji ameshaiona picha hiyo kwenye simu. Boti iliyopinduka ameiona, jengo lililoporomoka ameliona, na ameyapitisha kwa kidole gumba kwa sekunde mbili. Kazi inayomrudishia picha ileile, hata ikipakwa rangi kwa ustadi mkubwa, haimwongezei kitu. Msanii amebakiwa na yale ambayo simu haiwezi kuyabeba: ukubwa, uzito, idadi, muda, na umbali kati ya mwili wa mtazamaji na kitu kilicho mbele yake. Ndiyo maana vipimo tusiviachie fundi peke yake. Maana ya kazi imo humo.

Tazameni Guernica, mchoro wa Picasso kuhusu mji wa Hispania wenye jina hilo. Picasso alikuwa ameshapewa kazi ya banda la Hispania kwenye Maonyesho ya Paris tangu Januari 1937. Mji ulipigwa mabomu tarehe 26 Aprili, na mwanzoni mwa Juni mchoro ulikuwa umekamilika. Ni mweusi, mweupe na wa kijivu, rangi za gazeti, lakini hakuna gazeti lenye kimo cha mita 3.49 na upana wa mita 7.77. Mtu akisimama mbele yake hawezi kuushika wote kwa jicho moja, inabidi atembee. Uchapeni kwenye karatasi ya A4 muone kilichopotea.

Mfano wa pili ni wa msanii Felix Gonzalez-Torres, mwaka 1990: karatasi zilizochapwa zimerundikwa sakafuni, kila moja inaorodhesha watu 460 waliouawa kwa risasi Marekani katika wiki moja ya Mei 1989. Mtazamaji anachukua karatasi na kuondoka nayo, rundo linapungua, kisha linajazwa tena hadi kimo cha takriban sm 23. Gharama ni ya uchapaji tu. Mwanafunzi yeyote angeweza kuifanya, na bado inabeba idadi kuliko habari yoyote ya televisheni.

Kwa hiyo kwenye uteuzi napendekeza kila pendekezo liulizwe swali moja kwanza: nikiitoa kazi hii na kuweka picha yake kwenye simu, nimepoteza nini? Asiye na jibu arudi karakanani. Hatujamkataa, tunampa wiki tatu za kazi.

Ratiba inayofaa: mwito wa kazi wiki 12 kabla, uteuzi wiki 8 kabla, maandishi yote yafungwe wiki 3 kabla, utundikaji siku 4 au 5. Wengi hujipa siku 2, na ya pili huisha kwa kutafuta kebo.

FundiFremu

Nakazia hapo kwenye siku 5. Niongeze hesabu za ukuta, kwani hapo ndipo watu hubahatisha.

Chagueni kituo kimoja kwa chumba kizima, kati ya sm 145 na 155 kutoka sakafuni. Huo ndio mstari wa katikati ya kila kazi, iwe ndogo au kubwa. Msipange kwa kulinganisha kingo za juu, maana kazi zenye vimo tofauti zitaonekana kama nguo kwenye kamba.

Kimo cha ndoano ni hivi: kituo, jumlisha nusu ya kimo cha kazi, toa umbali kutoka ukingo wa juu hadi pale waya unapofika ukivutwa kwa nguvu. Kazi ya sm 80, kituo sm 150, waya ukivutwa uko sm 7 chini ya ukingo: 150 + 40 − 7 = 183. Mnatoboa kwenye sm 183. Kosa la kila siku ni kupima waya ukiwa umelegea. Kazi ikishatundikwa inashuka sm 2 au 3, na mstari wote umepinda.

Tumieni ndoano mbili kwa kila kazi yenye upana wa zaidi ya sm 40, moja kwenye theluthi ya kushoto na nyingine ya kulia. Basi hata waya upimwe ukivutwa kwenye sehemu hizo mbili, si katikati. Kazi yenye ndoano moja huinama kila mlango unapofungwa kwa kishindo.

Nafasi: ukuta wa mita 9, kazi tano za sm 90 zinachukua mita 4.5. Mita 4.5 zilizobaki mnazigawa kwa 6, kwa sababu kuna nafasi za pembeni pia. Kila nafasi sm 75. Ikitoka chini ya sm 40, ondoeni kazi moja. Kwa maonyesho yenye mada nzito kama hii mimi ningetaka sm 80 na kuendelea, mtu apate ukuta mtupu wa kupumzisha macho kati ya msiba mmoja na mwingine.

Na tengenezeni kijumba cha kadibodi cha chumba kwa kipimo cha 1:20. Ukuta wa mita 10 unakuwa sm 50. Kazi zote zikatwe kwa karatasi kwa kipimo hichohicho. Mtahamisha vipande hivyo mara thelathini bila jasho, halafu siku ya kutundika mtahamisha kazi zenyewe mara mbili tu.

Chipukizi_wa_Mchanga

Shikamooni wakubwa. Natayarisha kazi kuhusu watu wanaovuka jangwa. Nataka uwanja wa mchanga wa mita 2 kwa 2, kina sm 5, na viatu vimefukiwa nusu. Kuna la kuangalia?

FundiFremu

Marahaba. Uzito kwanza. Mita 2 × 2 × 0.05 ni mita za ujazo 0.2. Mchanga mkavu una takriban kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo una kilo 320, yaani kilo 80 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya zege ya chini hiyo haiisikii. Ghorofa yenye sakafu ya mbao, muulize anayesimamia jengo kabla ya kuahidi chochote. Na ujue mchanga wenye maji unazidi hapo, usiuloweshe ili kuzuia vumbi bila kupiga hesabu upya.

Chini tandika karatasi ya plastiki nene, juu yake turubai. Weka kingo za mbao za sm 7, maana watu watakanyaga pembeni na mchanga utatambaa. Tumia mchanga uliooshwa na kukaushwa. Ule wa mtoni una vumbi laini linalopanda hewani kila mtu anapopita, linaingia kwenye feni za projekta na kwenye mapafu. Ukiwa unaupakua na kuupakia vaa barakoa ya vumbi.

Viatu: vikiwa vya ngozi au vimetoka nje, viweke kwenye mfuko uliozibwa ndani ya friza ya nyuzi −20 kwa wiki mbili, viache virudi kwenye joto la chumba bila kufungua mfuko, ndipo uvitumie. Wadudu wanaoingia na kazi moja hula na za wenzako.

Taa_na_Kivuli

Umemaliza vizuri fundi. Sasa taa.

Karatasi, picha za kuchapwa na vitambaa: luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kazi). Rangi za mafuta na akriliki: hadi 200. Uharibifu wa mwanga unajumlishwa, haufutiki usiku: luksi 100 kwa saa 10 ni sawa na luksi 50 kwa saa 20. Kwa maonyesho ya wiki tatu mtu anaweza kusema haidhuru, lakini kama mmoja wenu ametumia kurasa halisi za magazeti, na kwenye mada hii lazima yupo, karatasi hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote chumbani.

Pembe: taa iangukie katikati ya kazi kwa nyuzi 30 kutoka wima. Ikiwa taa iko mita 3.3 juu na katikati ya kazi ni mita 1.5, tofauti ni mita 1.8, zidisha kwa 0.58 upate takriban mita 1.04. Reli ya taa ikae umbali huo kutoka ukutani. Ikisogea karibu, fremu inatupa kivuli juu ya kazi. Ikienda mbali, kioo kinang'aa na mtazamaji anajiona mwenyewe.

Jambo la pili ni projekta. Kila projekta ina uwiano wa umbali kwa upana wa picha. Uwiano ukiwa 1.5, picha ya mita 2 inahitaji mita 3. Angalieni namba hiyo kabla ya kugawa vyumba, si baada. Faili liwe MP4 la H.264 (njia ya kubana video), pikseli 1920 × 1080, na lijirudie lenyewe. Flashi iliyoumbizwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili) haipokei faili linalofika GB 4. Mtu anahamisha video usiku wa mwisho, inakataa, anaanza kuibana na picha inachakaa. Iumbizwe exFAT, mpangilio mpya zaidi, ikiwa kifaa kinaisoma, na mjaribu kwenye kifaa chenyewe kitakachotumika. Zimeni hali ya kifaa kulala chenyewe na kila ujumbe wa skrini. Acheni video izunguke saa 8 mfululizo siku moja kabla ya ufunguzi, kasoro nyingi hujitokeza saa ya tatu kifaa kikishapata joto.

Umeme: jumlisheni wati zote, gawanyeni kwa volti, mpate ampea. Kwenye volti 230 laini ya ampea 10 inabeba wati 2,300, na haifai kuipakia yote kutwa nzima. Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine.

Sikio

Naomba niseme la sauti, linasahaulika. Kazi za matukio ya dunia zina ving'ora, hotuba, milio ya ndege. Zikiwa tatu kwenye chumba kimoja zinakuwa kelele moja, na kazi ya nne, mchoro mdogo wa kalamu ulio kimya, imeuawa.

Kanuni ya uwanja wazi ni kwamba umbali ukizidishwa mara mbili sauti inashuka desibeli 6. Chumbani kwenye zege tupu na kioo hamtaipata, mwangwi unairudisha. Kwa hiyo: kazi moja tu ya sauti wazi kwa kila chumba, nyingine zote vipokea sauti vya kichwani, viwili kwa kila kazi na kimoja cha akiba. Pazia zito lenye mikunjo mingi linasaidia kufyonza sauti nyembamba, lakini mngurumo wa chini linaupitisha. Mwenye mngurumo wa ndege za kivita apewe chumba chake.

KalamuYaUkutani

Mimi nishike maandishi na ruhusa, na nitakuwa mkali kidogo kwa sababu hapa hawaumii wanafunzi, wanaumia watu waliomo kwenye picha.

Maandishi ya mlangoni maneno 150, yasizidi. Kadi ya kila kazi maneno 50 hadi 75, herufi za pointi 18 au zaidi, katikati ya kadi iwe sm 130 hivi kutoka sakafuni ili aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu asome pia. Njia za kupita ziwe sm 150.

Idadi ya waliokufa au waliohama hubadilika wakati maonyesho yakiendelea. Kwa hiyo kila takwimu ukutani iandikwe chanzo chake na tarehe: "hadi tarehe fulani, kwa mujibu wa fulani". Kadi za takwimu chapeni kwenye karatasi inayobadilishika, msizibandike herufi za stika moja kwa moja ukutani. Na mwaka wa kazi uambatane na mwezi. Kazi iliyofanywa wiki ya kwanza ya vita na iliyofanywa mwaka wa tatu ni kazi mbili tofauti hata zikifanana.

Picha zilizochukuliwa mtandaoni: picha ya habari ina mwenyewe, ama mpigapicha ama shirika. Kuichora upya au kuibadili rangi hakukupi umiliki. Bango la Obama la msanii Shepard Fairey la 2008 lilitokana na picha ya shirika la habari la Associated Press, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano 2011. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya taasisi ya msanii Andy Warhol juu ya picha ya mwanamuziki Prince iliyopigwa na Lynn Goldsmith. Sheria zinatofautiana nchi kwa nchi, lakini barua pepe ya kuomba ruhusa ni ileile popote: taja picha, ukubwa wa matumizi, mahali, tarehe, na kwamba ni maonyesho ya chuo. Iandikwe wiki 8 kabla. Wengi hujibu vizuri wakiulizwa mapema.

Nyuso. Picha au video ya mtu aliye hatarini (aliyeandamana, aliyekimbia, mtoto) isionyeshe uso bila ridhaa yake. Msitumie ukungu mwepesi wa programu. Zibeni kwa rangi kamili kisha muhifadhi faili jipya. Futeni taarifa zilizofichwa kwenye faili, maana simu huandika mahali picha ilipopigwa pamoja na saa. Halafu angalieni usuli: bango la duka, namba ya gari, sare ya shule. Hivyo vinamtambulisha mtu kuliko uso wake.

Mtundikaji

Dada Kalamu, hilo la usuli wengi hatuliwazi kabisa. Asante.

Mkaa_na_Chaki

Natofautiana kidogo. Tukificha kila uso, na tukaongeza na onyo mlangoni kama wengine wafanyavyo, tumeilainisha vita. Goya, mchoraji wa Hispania, alichora vita ya nchi yake dhidi ya Napoleon kati ya 1810 na 1820 bila kumfunika mtu, miili imekatwakatwa, na ndiyo sababu bado inauma.

KalamuYaUkutani

Kaka, Goya ni mfano mzuri lakini angalia ilivyokuwa. Zile picha hazikuchapishwa kama mkusanyiko hadi 1863, miaka 35 baada ya kifo chake. Na alichora kwa mkono, hakuna mjane anayeweza kuinua kidole na kusema huyu ni mume wangu. Kamera haimpi mtu kinga hiyo.

Msanii Alfredo Jaar aliporudi kutoka Rwanda na maelfu ya picha za mauaji ya kimbari ya 1994, mwaka 1995 alizifungia picha kwenye masanduku meusi ya kuhifadhia nyaraka, akayapanga kama makaburi, na juu ya kila sanduku akaandika maelezo ya picha iliyo ndani. Picha ipo, huioni. Unasoma na kuijenga mwenyewe. Hapo hajalainisha kitu.

Onyo nalo si pazia. Liandikwe kwa maneno matatu manne yanayotaja kilichomo: "picha za miili", "sauti za milipuko", "taa zinazomweka". Msiandike "maudhui yanayoweza kusumbua", hayamsaidii mtu. Na kuwe na njia ya kupita bila kuingia kwenye chumba hicho. Mtu aliyetoka vitani ana haki ya kuona mengine yote.

Mkaa_na_Chaki

Hilo la kutaja kilichomo nalikubali. Taa zinazomweka hasa, zinaweza kumwangusha mwenye kifafa. Kuhusu nyuso bado nasema kazi za mkono zisihukumiwe kwa kanuni za kamera.

KalamuYaUkutani

Hapo tuko pamoja, isipokuwa mchoro ukinakiliwa mstari kwa mstari kutoka kwenye picha ya mtu halisi. Huo bado ni uso wake.

Barafu_Inayoyeyuka

Kuna aliyefanya kazi ya barafu ndani ya jengo? Nimevutiwa na ile ya msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing, Desemba 2015 Paris wakati wa mkutano wa tabianchi: vipande 12 vya barafu ya Greenland nje ya Panthéon. Nawaza kipande kimoja cha kilo 20.

Taa_na_Kivuli

Inawezekana. Kilo 20 za barafu ni mchemraba wa takriban sm 28 kila upande, na zitakupa lita 20 za maji. Trei ya mita 1 kwa mita 1 itajaa hadi sm 2. Kingo zake ziwe sm 5, na isimame juu ya sakafu iliyo sawa, ipime kwa pima maji pande zote mbili. Mteremko wa sm 2 tu kwenye mita moja unajaza upande mmoja sm 3 wakati mwingine umebaki na 1.

Barafu haikai ilipowekwa. Ikianza kuyeyuka inakaa juu ya utando wake wa maji na kuteleza. Weka wavu mgumu chini yake wenye kimo cha sm 3 ili maji yapite na barafu ibaki. Ekstensheni zote ziwe mita 2 kutoka kwenye trei, tena juu ya usawa wa maji.

La msingi zaidi: jaribu mara tatu ndani ya chumba chenyewe, taa zikiwa zimewaka, uandike saa. Ikiyeyuka kabla ya wageni kufika umeonyesha trei ya maji. Na amua mapema nani anabadilisha barafu kila siku, kwa jina, kwenye ratiba. Kazi yenye matunzo isiyo na mtunzaji hukaa siku mbili tu. Barafu nyingine iwe akiba kwenye friza.

MlinziWaKaratasi

Nimechelewa uzi huu. Magazeti yametajwa, nimalizie hapo.

Karatasi ya gazeti ni ya mbao iliyosagwa ikiwa na lignini yake yote, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti. Mwanga na hewa vinaigeuza njano, kisha inavunjika. Ukiibandika kwa gundi nyeupe ya mbao, unyevu unaikunja na huwezi kuibandua tena. Tumia uji wa wanga wa ngano uliopikwa mwepesi, paka kwenye karatasi ya nyuma na si kwenye gazeti, kandamiza kati ya karatasi za kufyonza maji na ubao mzito kwa siku nzima, ukibadilisha karatasi hizo baada ya nusu saa ya kwanza.

Kama njano si sehemu ya wazo, fanya hivi: skani ukurasa kwa nukta 600 kwa inchi, chapa kwa wino wa pigimenti kwenye karatasi ya pamba isiyo na asidi, na ukurasa halisi ukae gizani kwenye bahasha. Kama njano ndiyo wazo (habari inayozeeka mbele ya macho), liseme kwenye kadi, la sivyo mtazamaji ataona uzembe. Fremu iwe na paspatuu (kadibodi yenye dirisha kati ya kazi na kioo) ya mm 3 au zaidi ili karatasi isiguse kioo, hasa kwenye kazi za mkaa. Mkaa usiwekewe plastiki ya akriliki kabisa, umeme tuli unainua unga wake hadi kwenye plastiki.

Siku ya kupokea kazi, kila moja ipigwe picha mbele na nyuma na kasoro ziandikwe mbele ya msanii, saini mbili. Siku ya kushusha mnalinganisha na picha hizo. Kwa kazi za mchanga, udongo na barafu fomu iwe na mstari mmoja zaidi: nani anaondoa, lini, na inakwenda wapi. Mchanga wa kilo 320 unajaza mifuko 13 ya kilo 25, haubebwi na msanii mmoja na rafiki yake saa ya kufunga jengo.